Sir John Kirk: Balozi wa Unguja na Sumu ya Mishale Iliyogeuka Dawa ya Moyo



Jina la Sir John Kirk si geni kwa mtu yeyote mwenye asili ya Unguja, awe anaishi Maskati, Dubai au Ulaya. Wazee wetu walilitaja pamoja na jina la Sayyid Barghash bin Said, na mara nyingi kwa jambo moja tu, yaani mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Vijana wanalikuta Jozani, kwa sababu kima punju, yule kima mwekundu asiyepatikana porini popote ila Zanzibar, amepewa jina la Kirk katika vitabu vya elimu ya wanyama. Lakini kabla hajawa balozi alikuwa tabibu na mtaalamu wa mimea, na kazi yake moja katika mimea imeingia katika historia ya dawa za moyo duniani.

Nimeona niiandike habari hiyo kwa sababu hapa North Buffalo ninakoishi, kama nadhani ilivyo huko Ghuba, wazee wenzangu wengi tuna maradhi ya presha, na kila wiki linakuja jani jipya katika simu. Mmoja anaambiwa achemshe hiki, mwingine atafune kile, na vidonge vya hospitali vinabaki kabatini. Mimi si daktari. Nilikuwa karani miaka yote ya kazi yangu, na karani hufundishwa kufungua jalada la zamani kabla ya kuandika barua mpya. Jalada la Kirk lina mambo yanayotuhusu.

Mtoto wa mchungaji

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 katika kijiji cha Barry, pwani ya mashariki ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kupata shahada yake mwaka 1854. Zama hizo daktari hakuweza kujitenga na mimea, maana dawa nyingi zilitoka katika mizizi, magome na mbegu, na mwanafunzi wa tiba alifundishwa kuitambua mimea hiyo kwa macho na kwa kuishika. Kirk aliipenda elimu hiyo kuliko wenzake wengi.

Vita vya Krimea vilipopamba moto alikwenda Uturuki kufanya kazi katika hospitali ya Waingereza iliyokuwa Renkioi, kwenye mlango-bahari wa Dardanelles. Huko alitibu askari, na alipopata nafasi alipanda milima kukusanya mimea. Aliporudi kwao wataalamu wa bustani ya Kew, karibu na London, walikuwa wamekwisha kumfahamu. Kwa hiyo David Livingstone alipotafuta daktari na mtaalamu wa mimea kwa safari yake ya Zambezi, Kirk alichaguliwa.

Safari ya Zambezi na mti wa kombe

Walifika mdomo wa mto Zambezi mwaka 1858, na Kirk alikaa katika safari ile mpaka 1863. Ilikuwa safari ya taabu. Homa iliwaandama, meli yao ilikuwa mbovu, na viongozi hawakuelewana. Kirk aliandika katika kumbukumbu zake maneno makali juu ya uongozi wa Livingstone, ingawa mbele za watu alimheshimu mpaka mwisho. Septemba 1859 walifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, na maandishi na michoro mingi ya mimea ikapotea majini. Mwaka 1862 alikuwapo Shupanga Mary, mke wa Livingstone, alipofariki kwa homa, na hakuweza kumwokoa.

Katika safari hiyo ndipo alipokutana na kombe. Watu wa bonde la mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi, walikuwa na sumu waliyoipaka mishale yao kwa kuwindia wanyama wakubwa. Sumu hiyo ilisimamisha moyo wa mnyama. Kirk aliutafuta mmea wake kwa muda mrefu bila mafanikio, kwani kila alipouliza wenyeji walimwonyesha mmea mwingine usiohusika. Tusiwalaumu. Silaha ya mtu ni siri yake, na mgeni mwenye maswali mengi hapewi ufunguo wa ghala.

Siku moja, katika kijiji cha Chibisa kando ya mto Shire, aliona mtambaazi umepanda juu ya mti mrefu ukiwa na maganda yake ya mbegu. Aliufananisha na mimea ya jamii ya strofanthasi aliyokwisha kuijua ya Afrika ya Magharibi. Aliomba mtu ampandie ayachume maganda yale, na hakuna aliyekubali. Akapanda mwenyewe. Wenyeji walipoona anaushikashika mmea ule kwa mikono mitupu waliogopa kwamba utomvu utamwingia katika jeraha au kinywani, wakampigia kelele ajihadhari. Kwa kumwonya hivyo wakawa wamekiri kwamba ule ndio mmea wenyewe wa sumu. Siri waliyoificha kwa muda mrefu waliitoa ili kumwokoa mgeni asife.

Jambo la pili lilitokea kwa bahati. Kirk alikuwa ameweka burashi yake ya meno katika mfuko uliokuwa na chembe za sumu ile. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mkali ulimini. Wakati huo alikuwa na mafua na mapigo yake yalikuwa ya haraka. Kama tabibu alijishika mkono akahesabu, akakuta mapigo yameshuka mara moja. Kesho yake alikuwa mzima. Kiasi kilichomwingia kilikuwa kidogo mno, hata kwa macho kisingeonekana, na bado kiligusa moyo.

Sumu hiyo inafanyaje kazi

Kirk hakudai kwamba amegundua dawa. Alichukua vielelezo akavipeleka Kew, na mmea ukaandikwa kwa jina la Strophanthus kombe, neno la wenyeji likibaki ndani yake. Huko Edinburgh, Profesa Thomas Fraser alianza kuichunguza sumu hiyo, akatoa habari zake za kwanza karibu na mwaka 1870, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari namna inavyoweza kuwasaidia wagonjwa ambao moyo umechoka kusukuma damu. Kiini chake kikaitwa strofanthini. Kampuni ya Burroughs Wellcome ikaanza kuiuza kama dawa ya maji. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani Albert Fraenkel alionyesha kwamba ikidungwa katika mshipa inafanya kazi vizuri zaidi, na kwa miaka mingi hospitali za Ujerumani ziliitumia.

Sababu ya sindano ni kwamba tumbo halipokei strofanthini kwa wingi. Hiyo ndiyo siri nyingine ya wawindaji wetu. Nyama ya mnyama aliyepigwa mshale wa kombe ililiwa, kwa kuwa sumu iliyo kali katika damu ni dhaifu ikipita tumboni. Walilijua hilo kwa uzoefu kabla maabara haijalieleza.

Elimu ya leo inasema kwamba katika kila chembe ya mwili mna pampu ndogo inayotoa chumvi ya sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Jens Skou wa Denmark aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya Nobel. Alisaidiwa na sumu nyingine ya mishale ya Afrika ya Mashariki, iitwayo waabini, ambayo jina lake limetoka katika Kisomali. Sumu hizi huizuia pampu ile. Ikizuiwa kidogo, msuli wa moyo hukaza kwa nguvu zaidi na mapigo hupungua. Ikizuiwa kupita kiasi, mapigo huvurugika na moyo husimama. Kati ya dawa na kifo pana nafasi nyembamba sana.

Hapa lazima niseme jambo moja waziwazi. Strofanthini si dawa ya kushusha presha. Ilitumika kwa moyo uliodhoofu. Isitoshe Kirk asingeweza kupima presha hata angetaka, kwa sababu kifaa cha kufunga mkononi alikitoa Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na njia ya kusikiliza kwa sikio akaiongeza Nikolai Korotkov wa Urusi mwaka 1905. Kirk alikuwa na kidole chake na saa tu. Mapigo ya moyo na presha ni vitu viwili, na wazee wengi tunavichanganya.

Kuja Unguja

Mwaka 1866 Kirk aliletwa Unguja kuwa daktari wa ubalozi wa Uingereza na balozi msaidizi, wakati wa Sayyid Majid bin Said. Mwaka uliofuata alimwoa Bi Helen Cooke hapo hapo Unguja. Alikuwapo wakati wa kipindupindu cha 1869 na 1870 kilichoua maelfu ya watu. Alikuwapo pia Aprili 1872 kimbunga kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalimika.

Sayyid Barghash alishika ufalme mwaka 1870. Serikali ya London ilitaka biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikomeshwe. Mwanzoni mwa 1873 ilimtuma Sir Bartle Frere, naye akashindwa. Sayyid Barghash alikuwa na matajiri wake wa kuwafikiria, na mashamba yalikuwa yamelala chini kwa kimbunga. Kirk, ambaye sasa ndiye aliyekuwa balozi, alipokea amri kwamba manowari zitaifunga bandari isiingie wala kutoka kitu. Alikwenda kwa Sayyid akamweleza. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa saini na soko likafungwa. Mwaka 1876 Sayyid alipiga marufuku pia misafara ya watumwa kutoka bara.

Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari hiyo kwa upande mmoja, na waliokulia majumba ya Mji Mkongwe waliisikia kwa upande mwingine. Kwa umri wangu naona kwamba pande zote mbili zinaweza kusema kweli pamoja. Biashara ile ilikuwa dhuluma kubwa, na waliouzwa Mkunazini walikuwa watu wenye mama na baba. Na ni kweli vilevile kwamba Uingereza ilitumia jambo la haki kuingiza mguu wake katika mlango wa dola ya wengine. Kanisa kuu lililojengwa mahali pa soko liliwekwa jiwe la msingi siku ya Krismasi ya 1873, nalo lipo mpaka leo.

Bustani ya Mbweni

Kazi ya ubalozi haikumfanya aache mimea. Alikuwa na nyumba ya shamba Mbweni, karibu na bahari, na huko alipanda miti ya kigeni aliyoletewa ili aone ipi itastawi katika udongo wa Unguja. Alichunguza sandarusi na kueleza kwamba ile iliyochimbwa ardhini ni utomvu wa kale wa mti uleule unaotoa sandarusi mbichi. Aliwaeleza wafanyabiashara juu ya mitambaazi ya mpira ya bara, na mmoja wao umepewa jina lake. Digidigi pia anaitwa kwa jina lake katika vitabu.

Naye Sayyid Barghash aliendelea kuujenga mji. Alizuru Uingereza mwaka 1875 pamoja na Kirk, akaonana na Malkia Victoria. Alileta maji safi ya mifereji mjini, jambo lililookoa watu na maradhi kuliko hospitali yoyote, na mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib. Simu ya upepo ya wakati ule, yaani waya wa baharini kutoka Aden, ilifika mwaka 1879.

Mwisho wa urafiki

Kwa miaka mingi Kirk alimwambia Sayyid Barghash kwamba urafiki na Uingereza utailinda dola yake. Kisha Carl Peters akaingia bara mwaka 1884 na kurudi na mikataba aliyoitia saini na machifu. Mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilisimama mbele ya kasri la Unguja. London haikutaka ugomvi na Berlin, na Kirk aliamriwa amshauri Sayyid akubali. Aliyekuwa akileta ahadi ndiye aliyepaswa kuleta habari kwamba ahadi haina nguvu. Mwaka 1886 mataifa yale yaliafikiana wao kwa wao, na dola iliyosemwa kuwa inafika maziwa makuu ikabakiwa na visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10.

Kirk aliondoka Unguja mwaka huohuo wa 1886 na kustaafu mwaka uliofuata. Sayyid Barghash alifariki Machi 1888. Kirk aliishi Sevenoaks, kusini ya London. Aliiwakilisha nchi yake katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na mwaka 1895 alipelekwa Niger kuchunguza machafuko ya huko. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89, na amezikwa Sevenoaks.

Mzizi wa Bara Hindi

Dawa ya mmea iliyoshusha presha hasa ilikuja baadaye, tena kutoka ng'ambo ya bahari yetu hiyohiyo. Mmea uitwao rauwolfia ulitumiwa na waganga wa Bara Hindi kwa karne nyingi. Mwaka 1949 Dk. Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la moyo la Uingereza matokeo ya kuwapa mzizi huo wagonjwa wa presha. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, Uswisi, wakatoa kiini chake, yaani reserpini. Ndugu yake wa Afrika, rauwolfia ya Kongo na Uganda, ilichimbwa na kusafirishwa kwa sababu hiyohiyo. Reserpini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza zilizoshusha presha kwa uhakika. Lakini ilijulikana pia kwamba baadhi ya watu waliotumia kiasi kikubwa waliingiwa na huzuni nzito, na leo haitumiki sana.

Nasi tufanye nini na majani yanayokuja katika simu? Mengine yana ukweli ndani yake. Chai ya choya imepimwa na watafiti katika nchi kadhaa na ikaonekana kushusha presha kwa kiasi. Kitunguu thomu kina msaada mdogo. Lakini mzizi mtamu wa sus, unaopendwa na Waarabu, ukinywewa sana hupandisha presha badala ya kuishusha. Na balungi, tunda zuri kabisa, huzuia mwili usivunje baadhi ya vidonge vya presha, hata kidonge kimoja kikawa kama kadhaa. Hilo liligunduliwa mwaka 1989 huko London ya Ontario, Kanada, upande wa pili wa Ziwa Erie kutoka hapa kwetu Buffalo, na liligunduliwa kwa bahati kama burashi ya Kirk.

Tukikutana Hertel Avenue kwa chai wenzangu husema kwamba kitu cha asili hakidhuru. Kombe ni kitu cha asili. Watu wa Shire waliujua mmea wao, walijua kiasi chake, na walijua nani asiuguse. Elimu yao ilikuwa katika mambo hayo matatu. Anayetumiwa picha ya jani na mtu asiyemjua hana hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo, wazee wenzangu, anayetaka choya na anywe, lakini amwambie daktari wake anakunywa nini na kiasi gani, na asiache vidonge kwa kuwa amejisikia vizuri siku mbili, maana presha haina maumivu ya kuitambulisha. Na tunapowahesabu waliochangia dawa za moyo, pamoja na Kirk, Fraser na Vakil, tuwaweke na wale wanakijiji wa Chibisa. Majina yao hayakuandikwa, lakini onyo lao ndilo lililofungua mlango.